Sifuri za Siku za Giza

Nilifika Rumonge siku ya sita tangu nitoke Mpulungu, kule ziwa linakoishia kusini. Lori la mahindi hadi Sumbawanga, lori jingine hadi Mpanda, basi hadi Kigoma, kisha boti ya abiria hadi Kagunga. Hapo nilivuka mpaka kwa miguu nikaingia Kabonga, viatu mkononi. Nyanza-Lac sikulala. Gari lilipopita Kigwena, harufu ya mawese yanayochemshwa iliingia dirishani nikamkumbuka mama yangu, nikajiambia hapa nitakaa. Nimejiambia hivyo katika miji mingi.

Nilipanga chumba kwa mvuvi mmoja wa rika langu na mkewe. Alivua samaki waitwao mukeke kwa mshipi, peke yake, katika mtumbwi mdogo wenye taa ya betri. Alikuwa na kifafa, na wavuvi wengine hawakutaka kupanda naye chombo kimoja. Kila alasiri kabla hajaondoka, mkewe alimfunga kamba kiunoni. Ncha ya pili aliifunga mwenyewe kwenye ubao wa kukalia. Pwani walimwita mbuzi wa Idi.

"Mbuzi iko inaenda malishoni," walisema akipita.

Naye aliwajibu kwa kulia kama mbuzi, wakacheka. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mchanga.

Mimi nilipata kazi kwa sababu ya mwandiko wangu. Dada mmoja wa Bujumbura alikuwa akisomea uzamivu Ulaya, kwa ufadhili wa miaka minne waliopewa watu wachache ili wajifunze ubongo, hesabu na kompyuta kwa pamoja. Wenzake walifanya hesabu za wagonjwa ambao hawajawahi kuwaona. Yeye alitaka kuanza na watu wa kwao. Kwenye zahanati aliwavalisha kofia ya nyaya, na mistari ya ubongo wao ikatembea kwenye skrini. Kisha kompyuta ilitafuta hesabu inayoweza kwenda kama ubongo ule unavyokwenda, ili siku moja iseme mapema mtu ataanguka lini.

Kila mgonjwa alikuwa na daftari nyumbani, kisanduku kimoja kwa kila siku. Akianguka, wa nyumbani anachora kistari. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka na kuyaingiza madaftari hayo kwenye kompyuta. Kompyuta haikukubali kisanduku kitupu. Dada aliniagiza niulize kwanza, na kama mtu hakuanguka niandike sifuri.

Daftari la nyumbani kwangu, la mvuvi, lilikuwa na visanduku vingi vitupu. Sikuuliza. Nilikuwa naishi nao, nikaona najua. Niliketi kwenye mkeka wao, chai pembeni, nikaandika sifuri, sifuri, sifuri.

Baada ya miezi kadhaa dada aliniita nitazame. Kwa mvuvi wangu, mchoro wa kuanguka kwake ulipanda na kushuka kama milima, kila mwezi vilevile. Kilele kilikuwa siku za mbalamwezi. Siku za giza ulilala chini kabisa. Alifurahi, kwani maprofesa wake walikuwa wakisubiri kitu kabla mwaka haujaisha.

"Lakini usimwambie mtu, papa," alisema, kama anayesema na baba yake. "Haijajaribiwa."

Nilimwambia mvuvi jioni ileile. Wavuvi wetu huingia ziwani siku za giza, taa inapovuta samaki. Mbalamwezi ikitoka hukaa nyumbani. Kwa hiyo nilimpelekea habari aliyoingoja maisha yake yote: siku zake za ziwani ndizo siku zake za usalama.

"Shemeji, kweli kompyuta imesema?" mkewe aliniuliza.

"Imesema."

Kamba ikaning'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Pwani hawakumwita tena mbuzi.

Siku chache baadaye alirudi kutoka ziwani asubuhi tukanywa chai. Aliipuliza yake hadi ikapoa, na bado alipoionja alikunja uso. Nilimuuliza ana nini. Akasema amejing'ata ulimi. Suruali yake ilikuwa imelowa, lakini nani hutoka ziwani na suruali kavu? Ndipo nilipokumbuka asubuhi nyingine nyingi za chai baridi. Zote zilikuwa za siku za giza.

Nilichukua daftari. Vistari vyote vilikuwa vya siku alizolala nyumbani. Siku za ziwani hakuna aliyemwona, na yeye mwenyewe akizinduka hakumbuki kitu. Mkewe alikuwa ameacha visanduku vile vitupu kwa sababu hakujua. Sifuri zilikuwa zangu.

Kwenye zahanati dada alitazama daftari, kisha skrini.

"Hizi nani aliandika?"

"Mimi."

Alifunga kompyuta, tukatoka pamoja. Tulimkuta mvuvi akipanga mishipi. Dada alimweleza taratibu, kwa Kirundi na Kiswahili, kwamba mchoro ulikuwa na kosa, kwamba afungwe kamba. Alimsihi.

"Jana nilikuwa mtu, leo mnataka nirudi mbuzi," alisema mvuvi. "Kama naanguka ziwani, mbona kila asubuhi narudi?"

Mkewe alikwenda kuileta kamba. Aliporudi nayo, mtumbwi ulikuwa umeshasukumwa majini.

Asubuhi wenzake waliuvuta hadi ufukweni, mtupu. Taa ilikuwa bado inawaka kwenye jua. Ziwa lilimtoa siku ya tatu, upande wa Kigwena.

Dada aliwaandikia maprofesa wake kwamba anafuta yote na kuanza upya, na kwamba kosa ni lake. Jina langu hakulitaja. Laiti angelitaja.

Niliondoka siku ya pili baada ya hitma. Kamba ilikuwa imerudi kwenye msumari wake. Mjane alinipa daftari nilipeleke zahanati.

"Nimeandika na ile ya mwisho, shemeji," alisema.

Katikati ya visanduku vya giza palikuwa na kistari kimoja, kalamu imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka. Nililiacha mezani kwa dada, nikapanda gari la kusini. Tulipofika Kigwena walikuwa wanachemsha mawese. Nilifunga dirisha.