Kibao cha Kijani

Nimewahi kumwibia mama sukari, nimewahi kusema uongo kanisani, na hayo yote huyasimulia nikicheka. Hili la kibao sijalisimulia, hata kwa mume wangu, kwa sababu niliyemdhalilisha ni mama yake mzazi.

Ilikuwa kijijini kwetu Kituntu, miaka michache baada ya vita. Kuni zilikuwa zimeanza kutukimbia. Ukitoka asubuhi kuzitafuta, unarudi jua la utosi. Ndipo ukaja mradi wa majiko ya udongo. Walitufundisha kuyafinyanga, kisha wakasema kila nyumba itapimwa. Asubuhi kuni zako zinawekwa kwenye mizani, unapika kama kawaida, jioni zinapimwa zilizobaki. Nyumba inayokula kuni nyingi inapigiliwa kibao chekundu mlangoni, ya wastani cha njano, inayotumia kidogo cha kijani. Tena walihesabu kila moto unaowaka katika ua, siyo jiko moja tu. Waliopata chekundu walikibandua wakafunikia mitungi.

Mimi nilikuwa katibu wa kikundi cha wanawake, na nilikuwa na mdomo. Nilishawatangazia wenzangu kwamba kijani cha kwanza kitapigiliwa kwangu. Nilikitaka kibao kile kuliko nilivyowahi kutaka kanga.

Kikwazo kilikuwa mama mkwe. Chumba chake kilikuwa upande wa pili wa ua, na humo alikuwa na mafiga matatu na gogo lililowaka mchana kutwa, awe anapika au hapiki. Baridi yetu ya Juni inaingia mifupani, na miguu yake ilikuwa imevimba. Halafu kwake yeye, nyumba isiyotoa moshi ni nyumba iliyohamwa. "Mtu akipita asione moshi, atasema nimekufa," aliniambia kwa Kinyambo, nami nikamcheka.

Siku ya kupimwa nikamwambia mama mkwe kwamba dada yake, anayekaa ng'ambo ya bonde, amemwulizia sana. Ulikuwa uongo. Akachukua fimbo yake akaenda. Hajafika mbali nikaumwagia moto wake maji, nikayabeba mafiga kwa majani ya mgomba, bado yanaunguza, nikayatupa kibanjani, kwenye migomba. Gogo nikalificha chini ya majani makavu. Nikafagia jivu mpaka chumba kikawa kama hakijawahi kukaliwa na mtu.

Mkaguzi alikuwa dada mpole wa rika langu, amevaa raba, ana daftari. Alipima kuni asubuhi, akaenda nyumba nyingine, akarudi saa kumi. Ndizi na maharage vilikuwa vimeiva, na kuni nyingi zilikuwa zimebaki. Akatabasamu. Akakitazama chumba cha mama mkwe akauliza kama kuna anayepika mle. Nikamjibu kwamba ni stoo.

Hajamaliza kuandika, mama mkwe akatokea kati ya migomba akichechemea. Hakumkuta dada yake. Dada huyo alikuwa amekwenda msibani. Maskini mama mkwe, alikuwa amekwenda na kurudi na njaa yake.

"Shikamoo bibi," mkaguzi akamwamkia.

"Marahaba."

Mkaguzi akanigeukia. "Bibi anaishi hapa?"

Ningesema ndiyo, ningepata cha njano, na dunia isingesimama. Nikasema, "Hapana. Ni jirani, anapita tu kusalimia."

Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha sokoni, lakini hicho alikielewa. Akanitazama. Hakukasirika, na heri angekasirika. Alisimama katika ua ule ule alipozalia watoto wake saba, akasema, "Hodi hapa."

"Karibu," nikasema.

Hakuketi mpaka nilipomletea kigoda. Kwetu mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu, hupewa kahawa ya kutafuna. Ikabidi niilete mbele ya mkaguzi, kahawa ambayo mama mkwe mwenyewe aliichemsha na kuianika wiki ile. Akanyoosha mikono yote miwili, akachukua punje chache, akashukuru. Kisha akaniulizia habari kama mgeni mwenye adabu: watoto hawajambo? Shamba linaendeleaje? Na mama mkwe wako, hajambo?

"Hajambo," nikajibu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mkaguzi akapigilia kibao cha kijani akaaga. Alipopotea njiani nikapiga magoti, nikamwomba mama msamaha, nikakimbia kibanjani kuyatafuta mafiga. Nikamkokea moto. Nilitaka kuking'oa kibao. Akanikataza, akasema watu wataulizana kimetolewa kwa nini. "Yamekwisha, mwanangu," akasema, na nadhani alimaanisha. Hakumwambia mwanawe, wala hakunikumbushia hata siku tulipokosana kwa mengine.

Ila tangu siku ile hakuingia tena jikoni kwangu bila hodi. Alikuwa akivuka ua, anasimama nje ya mlango na fimbo yake, anabisha, anangoja, hata kama mvua inanyesha. Watoto walidhani bibi yao anatania, wakawa wanamwitikia kwa kicheko. Alifanya hivyo miaka sita, hadi alipolala asiamke. Na kila mara niliacha nilichokuwa nimeshika, nikatoka, nikamkaribisha nyumbani kwake.