Gunia la Stesheni

Walinivika gunia mchana kweupe, stesheni ya Eldoret, watu wakitafuna miwa. Tundu moja la kichwa, mawili ya mikono. Aliyelikata ni mwenyekiti wa chama cha watu wa kwetu, fundi cherehani, kwa mkasi wake mzuri wa suti. Mama mmoja wa kanisa akaniambia, "Dada, limekukaa. Hebu zunguka tuone mgongo." Wakacheka. Vumbi la unga likaniingia machoni, na mpaka leo nasema ni hilo lilinitoa machozi.

Chama kilikuwa kimeamua kusafisha mji. Msichana bila bwana arudishwe kwao na treni, amevaa gunia, ili wengine waogope. Lakini mwanamume mmoja akisema "huyu ni mchumba wangu", anaachwa. Neno moja tu. Na karani wa chama, aliyeshika orodha, alikuwa mpenzi wangu.

Fundi akauliza, "Huyu ana mwenyewe?"

Karani akatazama karatasi yake. "Simjui, Mzee. Twende kwa mwingine."

Jumapili iliyotangulia mguu wake ulikuwa mapajani mwangu, namtoa funza, analia kama mbuzi.

Mimi nilikuwa yaya kwa Kaburu. Watoto wake walilala mgongoni mwangu, lakini hakuna mtu katika nyumba ile aliniuliza kama nimekula. Huyu karani aliniuliza. Ndiyo maana nilimpenda, msitafute sababu kubwa. Alifanya kazi ya reli, wanaume wanne chumba kimoja, kitanda chake nyuma ya blanketi lililotundikwa kama pazia. Jumapili wenzake walienda kufua mtoni Sosiani, wakituaga, "Shemeji, leo nguo zitachelewa kukauka." Nyuma ya blanketi lile sikulazimishwa. Nilitaka mwenyewe, na sioni aibu.

Nikimuuliza ataenda lini kwa wazazi wangu, ananiambia, "Ndugu yangu mkubwa hajaoa. Kwetu mdogo hamruki mkubwa, ni mwiko." Basi nikangoja. Hata nilimwombea huyo ndugu apate mke, mtu sijawahi kumwona.

Baada ya gunia, mwaka haukuisha, karani akamwoa mwalimu, harusi ya pete. Ndugu mkubwa ndiye aliwashikia mwavuli. Ni kapera mpaka leo, mwiko umemsahau.

Nilirudi mji huu kwa miguu yangu na sijaondoka tena. Fundi alikufa bila kuulizwa habari ya gunia. Mama wa kanisa hunipita sokoni kama anayepita nguzo. Karani sasa ni mzee wa kanisa, anafundisha vijana wanaotaka kuoana, ati uaminifu.

Basi ujue, karani, Jumapili nitakaa benchi ya mbele, kati ya hao vijana wako. Nitasimama niulize kama fundi alivyouliza: huyu ana mwenyewe? Safari hii huna karatasi ya kutazama. Nitazame mimi, unijibu.