Jina Nililompa Manju Akiwa Ameketi

Ninyi wajukuu, na wenzenu mtakaosoma haya, tulieni. Mimi sikupita darasa la pili, kwa hiyo sitawazungusha. Siku hizi mtu akilazwa tu, simu zinalia mji mzima kwamba amekufa, na jioni anaonekana anakunywa uji. Mnacheka. Mimi sicheki, na sababu ninayo.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa msichana wa Ng'ambo, hapa Tabora, na nilimpenda manju mmoja kuliko waimbaji wote. Alitoka upande wa Usoke na zeze lake. Siku boma lilipompa ruhusa ya kuimba uwanjani mpaka saa nne, tuliondoka nyumbani jua halijazama: mimi, shoga yangu jirani, shoga yangu Msukuma aliyekuwa mtani wetu, na wifi yangu, mke wa kaka. Kaka alikuwa amechukuliwa manamba kwenye mkonge wa Tanga, na mvua ya tatu ilikuwa inakaribia bila barua wala salamu. Kwao wifi, Igalula, walishaanza kumwambia arudi aolewe kwingine. Yeye aliwajibu neno moja kila mara: "Sijaambiwa nimefiwa."

Mimi nilibeba kibuyu cha asali cha kumtunza manju.

"Asali yote hiyo," mtani akasema, "unakwenda kumsikiliza au kumtazama?"

"Macho na masikio yako kichwa kimoja," nikamjibu.

"Basi kifunike hicho kichwa. Watu wa kwenu mkipenda mnasahau njia ya kurudi."

Hata wifi alicheka. Hakuwa mtu wa kucheka.

Sasa sikilizeni desturi ya manju yule, aliyoirithi kwa babu zake waliobeba mizigo ya misafara kwenda pwani. Unampa zawadi, unamnong'oneza jina, naye analiimba. Kwanza anaimba amesimama, na hapo anawaimbia walio safarini, maana aliye njiani hakai. Wakiisha hao, analetewa kigoda, anaketi. Akishaketi, anawaimbia waliokufa. Kila mtu kwetu Unyanyembe alilijua hilo. Mtoto alilijua.

Nilitaka kumpa jina la kaka, wifi alisikie likiimbwa mbele za watu, apate nguvu. Hiyo ndiyo ilikuwa nia. Lakini uwanja ulijaa, karabai inawaka, mimi nikajisahau kucheza na shoga zangu. Nilipopenya mpaka mbele, manju alikuwa ameketi.

Nilikiona kigoda. Sitasema sikukiona. Ila nilikuwa nimetembea na asali ile tangu nyumbani, na yule mtu alikuwa ameinua uso ananitazama, mimi peke yangu katika umati wote. Nikainama, nikampa kibuyu, nikamwambia jina. Hakuuliza kitu. Nani humletea manju aliyeketi jina la mtu aliye hai?

Akaimba kwamba majani yameota juu ya nyayo za kaka yangu. Aliimba vizuri mno.

Wifi alikuwa nyuma, hakuona nani aliyepeleka jina. Manju anazunguka njia yote ya reli, kwa hiyo wifi alidhani habari ameipata huko. Tulipofika nyumbani, yeye alikuwa ametutangulia. Alikuwa amevua shanga na kuumwagia maji ule moto wa mafigani, kama mjane afanyavyo kwetu. Mama ameketi chini, analia.

Nami nikaketi, nikalia nao. Siku mbili nililia na ulimi wangu umekaa kinywani. Siku ya tatu ndugu zake wifi wakaja, wakampandisha treni kwenda Igalula.

Jioni ile mtani wetu akaingia msibani, maana mtani husema yasiyosemwa na wengine. Akasimama mbele ya mama.

"Maiti yenu iko wapi? Mnamlilia mtu au mnalilia zeze? Muulizeni binti yenu asali yake ilikwenda wapi."

Nikasema yote. Mama hakunipiga. Alijifuta machozi, akasema, "Asubuhi utakwenda Igalula. Utamwambia kwa kinywa hicho hicho."

Nilimkuta wifi anapepeta mtama. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakuacha kupepeta.

"Umepata habari yake?"

"Sijapata."

"Basi hata wewe hujui kama yu hai." Akaweka ungo chini. "Ule moto niliuzima kwa mkono wangu. Siwezi kuuwasha kwa neno lako."

Akaolewa kule kule baada ya mavuno.

Kaka alirudi kiangazi kilichofuata, na sanduku la bati, ndani yake doti ya kanga ya mkewe. Mama alimweleza. Ile kanga akampa mama. Tuliishi naye miaka mingi, na juu ya jambo lile aliniambia maneno haya tu: "Ungesubiri, dada. Mwezi mwingine manju angesimama tena."

Mwaka jana simu ililia humu ndani kwamba mjukuu wangu aliyeko migodini amefunikwa na kifusi. Mkewe akachukua ndoo ya maji, akaenda jikoni. Nikamfuata na fimbo yangu.

Nikamwambia: weka ndoo chini. Na ninyi wote sikieni. Moto wa nyumba hii hauzimwi na mtu, mpaka aje aliyetia mchanga kaburini kwa mkono wake, asimame hapa mbele yangu, aseme.