Mdudu wa Kioo

Binti yangu amerudi kutoka shuleni na kidani shingoni: mdudu wa kioo cha bluu, mfano wa wale waliovaliwa kama hirizi Misri ya kale.

Wangu nilipewa utotoni na mama mmoja Mmisri, jirani yetu tulipokuwa tukiishi mtaa wa Rågsved. Alikuwa laini, baridi kiganjani. Mama alimtazama bila kumgusa.

“Ulikula kitu kwake?”

“Hapana, Mama. Ni kioo tu.”

Mama akaelewa kioo cha kujitazamia.

“Kioo? Kumbe huyo mama anatuona humu ndani!”

Akamgeuza mdudu kifudifudi kwa ncha ya kijiko, akamzika kwenye chumvi, akakemea kwa jina la Yesu.

Binti yangu ananiuliza kwa Kiswidi kwa nini nimekigeuza kidani chake kifudifudi.

“Nani amekupa?” namuuliza. “Na ulikula kitu kwake?”