Jamvi la Shomari

Mlango wa lori ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe: SELEMANI NA MWANAWE, TABORA. Mzee Selemani alikwisha kuzikwa. Mwanawe, Shomari, alikuwa uani kwake ameinamia injini iliyofunguliwa, na kanzu ya Ijumaa ikimngoja msumarini.

Mwaka ule wa sabini na nne, duka la vipuri lilifunguliwa kila asubuhi na muuzaji alikuwa mtu wa adabu, ila rafu zake zilikuwa na vumbi tu. Mwenye gari alilitengeneza mwenyewe, palepale lilipomlalia. Lori la Shomari lilikuwa limekosa pumzi, na Sikonge asali ilikuwa tayari kwenye madebe. Warina asali wa huko walikuwa wakimpa kazi ya kuibeba tangu enzi za baba yake. Sasa walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, na kamati ya kijiji ilikuwa imeahidiwa lori la serikali. Mjumbe wao, Masolwa, alikuja kwa baiskeli kumweleza wazi: asipofika kabla ya mwezi kuandama, kazi itakwenda kwa lori hilo, wala haitarudi.

"Shikamoo mzee. Lori bado limefunga, na Ramadhani haijafika?"

"Marahaba. Limefunga, lakini magharibi imekaribia."

Masolwa alicheka, akanywa maji, akapanda baiskeli yake.

Shomari hakusema uongo. Alikuwa amezitoa valvu, vile vijiti vya chuma vyenye vichwa bapa vinavyofungua na kuziba pumzi ya injini, akazisaga moja moja kwa mkono, kila moja juu ya kitako chake, hadi zikakaa bila hewa kupenya. Dawa ya kusagia alipewa na fundi mmoja wa reli aliyesoma naye chuoni, nayo ilikwisha na valvu ya mwisho. Valvu iliyosagiwa kitako kimoja haizibi kingine. Mafundi wengine huzitia alama zisichanganyike, lakini Mzee Selemani hakuruhusu chuma kukwaruzwa. Yeye alitandika jamvi kuukuu na kupanga vitu kwa utaratibu uleule vilivyotoka, cha kwanza upande wa kibla. Shomari alipanga vivyo hivyo. Ilibaki kurudisha tu.

Batuli, mkewe, alitokea mlango wa uani akisema kwa sauti ya chini.

"Baba Sikuzani, Mzee Twalibu yuko barazani na watu wake."

"Si walisema Ijumaa ijayo?"

"Wamekuja leo. Ukitaka nikawaambie warudi Kwihara, niambie."

Walikuwa wamekuja kumposa Sikuzani, bintiye Shomari. Wanaume wangekaa barazani, lakini wanawake waliofuatana nao wangepita uani, macho yao yakihesabu kila kitu. Katika nyumba ile mgeni hakuwahi kukuta uwanja mchafu, hata siku ya msiba. Batuli alisema atawachelewesha wanawake sebuleni kwa kahawa, mumewe amalizie kazi yake. Shomari alitazama matambara meusi, madimbwi ya oili, jamvi lenye vyuma kama la muuza vikorokoro, akaona aibu. Akakunja jamvi. Valvu zikaporomokea ndani ya karai kwa mlio mmoja. Akalisukuma karai chini ya lori, akamwaga mchanga juu ya oili, akanawa, akavaa kanzu.

Posa ilipokewa. Wanawake wa Kwihara waliusifu uwanja.

Wageni walipoondoka alilivuta karai. Valvu zilifanana kama punje za mtama. Alizijaribu huku na kule, akitia petroli kuona kama itavuja, na ilivuja. Alirudi kwa yule fundi wa reli, akaambiwa hata wao dawa imewaishia. Basi akatwanga udongo wa kichuguu, akauchekecha kwa kitambaa cha kilemba, akauchanganya na oili, akasaga upya. Udongo ule ulikula chuma kuliko ilivyopasa. Siku alipoliwasha, lori lilikohoa, likatoa moshi, likajikokota hadi lango la uani. Pale penye mwinuko mdogo wa kutokea barabarani, likazimika. Majirani walilisukuma likarudi ndani. Hakuna aliyetania, na hilo lilimuuma zaidi.

Mwezi uliandama. Masolwa alikuja tena, akiwa na kopo la asali amelifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Safari hii hakuuliza habari za lori.

"Wazee wanakusalimu. Wamesema hii ni ya harusi ya binti."

"Imebebwa na nani, ile nyingine?"

"Imeshakwenda, mzee."

Shomari alimshukuru kama inavyopasa, akamtuma salamu kwa kila mzee kwa jina lake, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi, Batuli alikuwa akifagia chini ya lori. Mkewe alimpisha apite. Shomari alilikunjua lile jamvi, akaanza kutoa valvu tena na kuzipanga, ya kwanza upande wa kibla, ingawa hakujua tena ya kwanza ni ipi.