Kura ya Siri ya Wakili Carlyle

Marehemu mume wangu, Carlyle Noel, hakufukuzwa. Naanza na hilo kwa sababu hapa Tottenham bado wapo wanaonong'ona kwamba chama chake cha siasa kilimtoa kwa jambo la aibu, na wajukuu wangu wanasikia.

Alizaliwa Grenada, akasomea sheria hapa London, na ndiye wakili wa kwanza kutoka Karibi aliyefungua ofisi katika mtaa wetu. Aliwatetea wapangaji waliokuwa karibu kutolewa nyumbani mwao, wengi bila malipo. Baadaye wakamfanya diwani, muhula baada ya muhula.

Kabla ya kila uchaguzi, wanachama wa tawi walikutana ukumbini kumteua mgombea kwa kuinua mikono. Carlyle hakuupenda utaratibu huo. Alipigania kura ya siri kwa miaka mingi, akachukiwa na wakubwa wa chama kwa ajili yake. Yogesh, katibu wa tawi, ambaye alizaliwa Kisumu, Kenya kwetu, alinijia na Kiswahili chetu.

"Mama Makena, hebu ongea na mzee. Kwa mikono atashinda mpaka azeeke."

"Ameshazeeka," nikamjibu. "Mwambie mwenyewe."

Alipomwambia, Carlyle alicheka. "Nani atainua mkono kunipinga, Yogesh, na mimi ndiye niliyemwokolea nyumba? Ndiyo maana nataka sanduku la kura."

Akalipata. Mara ya kwanza kutumika, sanduku lilimpa ushindi Bridget, nesi aliyekuwa na miaka michache tu chamani.

Yogesh, akitokwa na jasho, alisema labda watu wamekosea kujaza karatasi. Wanaotaka turudie kwa mikono, waonyeshe.

Mikono ikainuka ukumbi mzima. Hata Bridget aliinua wake.

Carlyle aliitazama, safu baada ya safu. "Shusheni," akasema. "Kura imeshapigwa." Akaenda kumpongeza Bridget, na Bridget akalia.

Kwa kushindwa alikuwa amejiandaa. Mikono ile ndiyo iliyomuumiza. Ndani ya basi la kurudi nyumbani aliniuliza kama kulikuwa na hata mwaka mmoja ambao watu walimchagua kwa kumtaka. Nikamwambia walimtaka miaka yote. Akaniomba ushahidi, kwa sauti yake ya mahakamani.

Sikuwa nao. Hakukanyaga tena ukumbi ule hadi alipofariki.