Mzee Toka-Hapo

Mafundi wa daraja jipya walimwita Mzee Toka-Hapo, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa mpiga picha. Kampuni ya ujenzi ilimpa kazi ya kuja ukingoni mwa mto kila wiki, kutega kamera yake palepale, karibu na kigingi alichokipigilia kwa mkono wake, na kupiga picha ileile, ili wakubwa wakizipanga waone daraja linavyokua. Lakini walitaka daraja tupu. Watu wasionekane kabisa, utadhani vile vyuma vilipanda juu vyenyewe.

Sasa utawaondoaje watu kwenye daraja linalojengwa? Mzee alikuwa na ujanja wake. Alifunika lenzi kwa kioo cheusi, akaiacha kamera wazi kwa dakika mbili hivi. Kila kilichotulia kilitokea: nguzo, mihimili, mawe ya mtoni. Kila kilichotembea kiliyeyuka. Mafundi waliobeba mbao walipotea kana kwamba hawajawahi kuajiriwa, na maji ya mto yakageuka ukungu. Hata treni iliyopita pembeni, kwenye daraja la zamani, ilibaki mstari tu. Hilo la treni lilimuuma, maana treni ndizo zilizomfanya ashike kamera tangu ujana wake. Kuta za nyumba yake zilijaa picha za treni mpaka mkewe akawa anasema kwamba wanaishi stesheni, kilichokosekana ni kengele.

Shida ilikuwa mtu akisimama. Aliyesimama kimya alitokea, na picha ikaharibika. Hapo ndipo mzee alipopaza sauti, "We! Toka hapo!" Mafundi wakacheka, wakasogea.

Aliyemchosha kuliko wote alikuwa mwanawe wa kumzaa. Kijana huyo, mtoto wao wa pekee, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma darajani hapohapo, mrefu, mcheshi, asiyejua kununa. Kila siku ya picha, baba akishaifungua kamera, yeye alitua vifaa vyake, akaenda mpaka kwenye mhimili wa katikati, akavua kofia ngumu na kusimama wima.

"Toka hapo, nasema! Unaniharibia kazi!"

"Malizia tu, baba! Nimeshatulia!"

"Utoto huo utauacha lini?"

Kijana alicheka mpaka akasikika ng'ambo. Baba akafuta, akaanza upya. Kuna siku kijana alikaidi, akasimama mpaka mwisho, hata kope hazichezi, na picha ikatoka na mtu safi kabisa katikati yake. Mzee aliitazama, akasonya, akaifuta hiyo nayo. Tabia yake ndiyo hiyo: picha iliyoharibika hailali kwenye kamera. Alijisifu nayo hata mbele za watu.

Mvua zikaja, mbao za jukwaa zikalowa. Asubuhi moja kijana alikanyaga ubao uliokuwa haujafungwa vizuri, ukamponyoka mguuni, akaangukia mawe yaliyo chini ya nguzo. Wenzake walipomfikia alikuwa ameshakata roho. Jambo hili halina namna ya kupambwa, na anayetaka kulipamba atafute msimulizi mwingine.

Baada ya maziko, watu walipokwisha kutawanyika na viti vya kuazima kurudishwa kwa wenyewe, mkewe alimfuata chumbani.

"Mzee wangu, nitolee ile picha yake ya darajani. Nataka niiweke sebuleni."

"Picha gani?"

"Si zile alizokuwa anasimama ukimpiga? Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimwambia, mwanangu, baba yako anapiga daraja kila wiki na wewe uko juu yake, mbona sina hata picha moja ya kazi yenu? Akasema, mama, wewe niachie mimi. Nitasimama mpaka siku moja anipate, na usimwambie kitu. Akiona nimetoka vizuri atakuletea mwenyewe."

Mzee akaketi kitandani.

"Nitaitafuta," alisema.

Akaitafuta kweli, ingawa alijua. Alifungua kompyuta na kuzipitia picha zote, tangu nguzo zilipokuwa mashimo ya tope. Daraja lilikua mbele ya macho yake, zuri, tupu, bila hata kivuli cha binadamu. Kwenye picha moja tu aliona doa hafifu la rangi ya chungwa juu ya mhimili wa katikati. Rangi hiyo ndiyo ya makoti ya mafundi, na makoti yote yalifanana. Huenda alikuwa mwanawe, ameitwa kazini kabla kamera haijafungwa. Huenda alikuwa mtu mwingine tu. Akaisafisha kwenye karatasi, akampelekea mkewe.

Mama alivaa miwani, akaigeuzia picha dirishani.

"Yuko wapi?"

Mzee akamwonyesha lile doa.

"Na zile alizotulia?"

"Nilizifuta."

Mkewe hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliilaza picha mapajani akalia, na mzee akabaki mlangoni, hajui kama ana haki ya kulia naye.

Tangu siku hiyo hakuigusa kamera. Daraja likaisha bila yeye. Kabla treni hazijaanza kulipita, kampuni iliwaalika jamaa za mafundi waje walitembelee kwa miguu, na msimamizi wa kazi akaja nyumbani kumwomba mzee apige picha ya mwisho. Mzee akatikisa kichwa. Mkewe ndiye aliyejibu.

"Atakuja. Lakini tutasimama ndani ya picha, mimi na yeye. Kampuni wakitaka daraja tupu watafute mpiga picha wao."

Siku ilipofika, mzee akatega kamera kwenye kigingi chake, akafunika lenzi kwa kioo cheusi. Akamwelekeza msimamizi: nikiinua mkono bonyeza, dakika mbili zikipita funga. Kisha akamshika mkewe mkono, wakapanda. Walipofika kwenye mhimili wa katikati, akasimama mahali alipopajua kuliko mtu yeyote duniani, akataka kuinua mkono.

"Toka hapo," mkewe alimwambia kwa sauti ya chini.

Mzee akamgeukia.

"Hapo ni pake."

Akasogea. Mkewe akasimama upande wa pili, wakaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Mzee akainua mkono, akaushusha, akatulia. Treni ikapita kwenye daraja la zamani ikipiga honi, na yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kuacha treni ipite bila kuitazama, hakugeuza shingo. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, akayaacha yashuke, asije akatikisika.